Mnyama Aliyepita Nyuma ya Birika

Tarehe tatu mwezi wa sita nilifiwa na mume wangu. Tarehe nne, kabla chai ya waombolezaji haijachemka, wifi yangu alimpika mnyama wa marehemu.

Hakujua. Nasema hivyo mapema ili mtu asimchukie. Alikuwa jikoni tangu alfajiri, nje umande umeganda kwenye majani, watu wamejaa uani na mablanketi mabegani wanataka kitu cha moto tumboni, na kila kiazi kilichoonekana ndani ya nyumba kilikwenda kwenye sufuria. Mnyama wetu alikuwa sebuleni, juu ya meza, karibu na birika. Alikuwa kiazi kikubwa, kirefu, chenye kinundu upande mmoja kama kichwa. Macho yake yalikuwa maharage, meno punje za mchele, miguu minne ya waya. Wifi aling'oa macho, akang'oa na miguu, akakata machipukizi, akamenya, akamtumbukiza pamoja na wenzake.

Hatujui ni nani aliyemla. Wifi anaamini ni mzee mmoja wa kanisa, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa vipande vikubwa.

Itabidi nieleze kwa nini watu wazima wawili walikuwa na kiazi chenye miguu mezani.

Mimi nimezaliwa upande wa Njombe, kwenye viazi. Nilipomaliza darasa la saba nilianza kusafiri na mama yangu kuleta viazi Makambako, kwa kuwa pale ndipo barabara zinapokutana na malori yanaposimama. Mzigo ukiisha mapema, mama alisinzia juu ya magunia matupu na mimi nikakimbilia kibanda umiza. Ilikuwa nyumba ya mabanzi na mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani kuna mabenchi, runinga moja na deki moja. Mchana mweupe huko nje, humo ndani giza, na harufu ya karanga na jasho la makoti.

Mwenye kibanda ndiye aliyekuwa anatafsiri. Kiingereza hakukijua, ila sijasikia mtu aliyemzidi kwa kutafsiri. Alisimama kando ya runinga na kipaza sauti chake, na kila aliyefungua mdomo kwenye picha alisema anachotaka yeye. Mfalme aliulizia bei ya mahindi. Mchawi alilalamika kuhusu mkwe wake. Mikanda aliyoipenda ilikuwa ile ya zamani, ambayo stelingi amevaa viatu vya kamba na ana upanga mfupi, anavuka bahari kutafuta kitu fulani, na njiani anakutana na wanyama. Joka lenye mabawa. Mdudu mkubwa kama trekta. Jitu lenye pembe linalotoka pangoni likiwa limekasirika. Stelingi alikuwa anatafuta nini, tulisahau palepale. Sisi tulikwenda kwa ajili ya wanyama.

Wanyama wale walikuwa wanatembea kwa kushtukashtuka. Mguu unakwenda, unasita, unakwenda. Kichwa kinageuka kama mlango wenye bawaba mbovu. Na kila mnyama alipotokea, kibanda kizima kililipuka.

"Umeme mdogo!"

"Gonga deki!"

"Ana baridi huyo! Amefika Makambako bila sweta!"

Mwenye kibanda aligonga deki. Mnyama akaendelea vilevile. Siku moja alichukua mkanda, akaupeleka mpaka Iringa kwa aliyemuuzia, akamwambia ni mbovu, unakwama kila anapotokea mnyama. Yule akampa mwingine. Nao ukakwama kwa mnyama. Akarudi akatutangazia kwamba mikanda yote ya wanyama iliyoingia nchini ilipata maji kwenye meli. Tukakubali. Ilikuwa na maana.

Aliyekataa alikuwa kijana mmoja fundi seremala, mwanafunzi bado, ana vumbi la mbao kwenye nywele, anakaa benchi la mbele kabisa. Alisimama katikati ya picha, kivuli chake kikafunika joka.

"Umeme ukiwa mdogo, mbona stelingi anatembea vizuri?"



"Kaa chini, fundi!"

"Nauliza tu. Umeme unamchagua mnyama?"

"Kaa chini tuone anavyouawa!"

"Kuna mtu anamshika," akasema. "Angalieni manyoya ya shingoni. Yanachezacheza na upepo hakuna. Mtu anamshika, anamsogeza kidogo, anatoa mkono, anapiga picha. Anamshika tena. Kila akishika, manyoya yanalala upande mwingine."

Wakamrushia maganda ya karanga mpaka akakaa. Nje, picha ilipokwisha, nilimfuata nikamwambia hata mimi nimeyaona manyoya. Sikuwa nimeona kitu. Nilitaka tu aendelee kuongea, na akaendelea kwa miaka yote tuliyokaa pamoja.

Watoto hatukujaliwa. Yeye alikuwa na karakana yake ya vitanda na makabati, mimi na mashine yangu ya kufumia masweta ya shule, na Makambako kwa masweta ni mahali pazuri. Jumapili tulitazama wanyama. Kibanda kilikufa, deki zikafa, lakini mikanda ile ikahamia kwenye simu, na alipopata simu ya kioo ya mtumba alikuwa wa kwanza kuitafuta. Mimi nilimwegemea begani nikiwa na sindano. Stelingi akitokea tunapiga soga, mnyama akitokea tunanyamaza.

Kitu kimoja kilimkera. Mnyama aliuawa kila mara. Alipigwa mkuki, akaporomoka jabalini, akaungua, akazama.

"Fikiria," alikuwa ananiambia, kama vile mimi ndiye niliyefanya. "Mtu amejifungia chumbani, anamsogeza kidogo kidogo, anamjua mpaka kucha. Halafu anakuja kijana na viatu vya kamba, anamchoma. Na mnyama alikuwa kwake! Amelala! Nani alimwita yule kijana?"

"Kafuata dawa ya binti mfalme."

"Si angebisha hodi!"

Basi mwaka huu, mvua zilipopungua, akaamua kutengeneza mnyama wake mwenyewe. Huyu hatauawa. Huyu atafika nyumbani. Hadithi nzima ilikuwa hiyo: mnyama anavuka meza anakwenda kwake. Kijana wa duka la simu alimwekea programu ya kuunganisha picha, ukipiga nyingi unaziambia ziende haraka na kitu kinatembea. Alianza na mnyama wa mbao, kwa sababu ni seremala, lakini alipotembea alionekana kama stuli. Akafanya wa udongo, akapasuka kwa baridi. Mimi nikiwa namenya viazi vya jioni nikaona kimoja kina shingo. Nikakiinua.

"Huyu je?"

Alikishika, akakigeuza, akakinusa. Akasema, "Huyu ana ngozi."

Nyumba ya mnyama aliichonga yeye, ya mti wa msindano, ina mlango unaofunguka na paa la bati la kopo. Aliiweka mwisho wa meza, na mnyama akaanzia mwisho wa pili, kwenye mashine yangu ya kufumia. Simu aliibana kwenye kipande cha ubao kwa jiliwa ili isitikisike. Kazi yangu ilikuwa kutazama pembeni na kusema "Mkono!" kabla hajabonyeza, kwa sababu alisahau kuutoa. Anasogeza mguu kiasi cha punje ya mchele. "Mkono!" Anautoa. Tii, picha. Anasogeza mwingine. "Mkono!" Tulifanya hivyo baada ya ibada za Jumapili na jioni jua likiwa bado dirishani. Unafanya mpaka mgongo unauma, ukitazama ulichopata, mnyama amejikuna mara moja.

Tulicheka sana. Sijui namna nyingine ya kuliandika hilo. Tulikuwa watu wazima wenye mvi, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Kosa letu ni kwamba kiazi ni kitu hai, na sisi watoto wa wakulima hatukulifikiria hilo. Wiki zilipita, mnyama akaanza kuchipua. Machipukizi yalitokea kichwani, meupe, halafu ya zambarau. Mimi nikachukua kisu.

"Muache," mume wangu akasema. "Anaota pembe."

"Mwanzo wa picha hana pembe."

"Si anakua? Safari ni ndefu."

Kweli, ukitazama tulichopiga, mnyama anaanza safari akiwa mviringo na laini kama mtoto, na akifika katikati ya meza ana pembe, ana makunyanzi, amekonda, anatembea kama mzee aliyechoka. Hatukumfundisha. Alizeeka mwenyewe. Pale alipofika, ubavuni mwa birika, ndipo mume wangu alipoanguka karakanani kwa presha, asubuhi, rula ikiwa mkononi. Hakuamka.

Sipendi kulia mbele za watu. Wakati wa msiba nilikaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa, na wengine wakaniona nina moyo mgumu. Mtani mmoja wa ukoo alifanya kazi yake siku ya maziko. Alivaa koti la marehemu, akapita mbele ya waombolezaji akimwigiza. Hakuigiza alivyotembea mume wangu. Aliigiza mume wangu akiigiza wanyama, kwa sababu ndivyo mji ulivyomjua: mguu unakwenda, unasita, unakwenda, kichwa kinageuka kama bawaba mbovu. Wazee wakacheka na machozi. Mimi nikauma khanga.

Waliporudi kutoka makaburini ndipo nilipotazama meza. Birika lipo, nyumba ipo, simu ipo kwenye jiliwa. Mnyama hayupo. Nikamwita wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, akaja anafuta mikono.

"Wifi, kiko wapi kile kiazi kilichokuwa hapa?"

"Kiazi kipi?"

"Chenye miguu."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta maneno ya upole. "Wifi yangu, hebu lala kidogo."

"Kilikuwa na macho. Na meno."

Nikaona uso wake unabadilika. Aliingiza mkono mfukoni mwa aproni yake, akatoa waya zilizopinda. "Nilidhani ni uchafu wa watoto wa jirani," akasema polepole. "Nikashangaa, mtoto gani anakipa kiazi meno?"

Hapo kikanitoka. Sikuweza kukizuia. Kilianzia tumboni, nikajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika, na wanawake waliokuwa sebuleni waliponiona hivyo walisema, "Amelia! Asante Mungu, amelia!" wakaangua kilio cha kunisaidia. Nyumba nzima ikalia. Wifi akaingia chini ya khanga yangu kunibembeleza, akaona ninacheka, naye akaanza. Tukakumbatiana humo ndani tunacheka na nje wanatulilia.

"Tumemla," alikuwa ananong'ona. "Tumemla na chumvi."

Baada ya hapo hofu ikaja. Kwetu, siku ya kumaliza msiba, vitu vya marehemu vinagawiwa. Koti kwa huyu, zana kwa yule, na kitu anachoshika mkononi kila siku kinakwenda kwa mdogo wake wa kiume. Zamani kilikuwa shoka au mkuki. Sasa ni simu. Simu ingekwenda kwa shemeji yangu, dereva wa lori linalokusanya majani ya chai Lupembe. Ni mtu mzuri, lakini simu mkononi mwake haikai na picha. Anafuta kila kitu apate nafasi ya miziki. Na mnyama wetu alikuwa bado vipande vya picha ndani ya ile programu. Kijana wa dukani alitueleza: ukimaliza unabonyeza, inakuwa filamu, unaweza kumtumia yeyote, usipomaliza, vinabaki mule. Ningeweza kubonyeza vilevile alivyo. Lakini basi angekuwa mnyama mwingine asiyefika kwake, na safari hii kwa mkono wangu.

Nilimweleza wifi. Sikumwomba kitu. Aliketi akifikiri, akasema, "Aliyempika ni mimi. Nitamleta mimi."

Mjane hatakiwi kuzurura kabla msiba haujamalizwa. Wifi akamwambia mama mkwe tunakwenda Njombe kutafuta mbegu ya viazi kwa ajili ya shamba la marehemu, na kwa kuwa wifi ni mkubwa na ana sauti, mama akasema nendeni. Tukafika sokoni Njombe tukiwa na nguo zetu nyeusi, simu ikiwa na sura ya mnyama kwenye kioo, tukaanza kupekua. Tuliinua kiazi, tukakiweka kando ya simu, tukakigeuza.

"Kamwene, akina mama," akasema mwenye viazi, mwanamke mnene aliyevaa makoti mawili. "Mnatafuta vya chipsi au vya kuchemsha?"

"Cha shingo," wifi akasema.

"Cha nini?"

"Chenye shingo ndefu na kichwa hivi, kama kinaangalia nyuma."

Mama yule akatutazama, akatazama nguo zetu, akatazama simu. "Mnanunua au mnachumbia?"

"Tunachumbia," wifi akajibu. "Wa kwanza alifariki."

Muuza viazi akapiga makofi, akawaita wenzake, na soko zima la viazi likaanza kutuletea. "Huyu ana shingo!" "Huyo si shingo, hilo ni jipu!" "Chukueni huyu, ni mpole!" "Mama, huyu wa kwangu ana na mdomo kabisa, msimwache atazeeka!" Mzee mmoja alileta kimoja chini ya koti kama mtu anayeuza dhahabu. Hakikufanana kabisa. Tulikinunua kwa heshima, tukakila siku hiyohiyo njiani, kimekaangwa kwa mama lishe wa stendi.

Tuliyempata mwishoni alikuwa na shingo na kinundu, ila alikuwa kijana, laini, ngozi inang'aa, bila pembe wala kunyanzi. Nikasikitika. Mnyama wetu alikuwa mzee. Watu wataona amebadilishwa.

"Machipukizi tutayabandika," nikasema tulipofika nyumbani.

"Na makunyanzi utayapiga pasi kinyume?" Wifi alikuwa anaizunguka meza, mikono kiunoni. Alikuwa hajawahi kutazama mikanda ile. Kwake yalikuwa mambo ya mdogo wake. Akasimama. "Yule wa zamani aliishia wapi?"

"Hapo ubavuni mwa birika."

"Basi apite nyuma yake."

"Nani?"

"Mnyama. Mzee anaingia nyuma ya birika. Hatumwoni. Anatoka kijana. Kuna nani atauliza?"

"Wote watauliza."

"Waulize. Wewe hujawahi kwenda nyuma ya nyumba ukarudi na nguvu mpya?"

Tukampa kijana macho, meno na zile waya za miguu, tukaanza. Kwa kuwa mzee hayupo tena kumwingiza nyuma ya birika, tulisogeza birika lenyewe, hatua moja tu, likafunika pale alipokuwa. Kwenye picha inaonekana birika limemwendea lenyewe kumpokea. Wifi alisema hilo ni jambo la kawaida, birika la msiba linamfuata kila mtu.

Alikuwa msogezaji mbaya. Alimsukuma mnyama kama anasukuma mtu kwenye foleni. Nikisema "Mkono!" alinyanyua mikono yote miwili kama amekamatwa na polisi. Mara nyingine mimi nilipiga kabla hajautoa, na ukitazama unaona mkono mkubwa wenye bangili unatokea na kupotea. Katika kutafuta hizo za mkono ili tuzifute, nilirudi nyuma sana kwenye zile za zamani, nikakuta kidole gumba. Cha mume wangu. Ukucha mweusi uliogongwa nyundo, uko juu ya mgongo wa mnyama, wazi kabisa. Siku ile nilikuwa nimechelewa kusema.

Wifi alitaka kujua kwa nini nimeacha kutafuta. Nikamwonyesha.

Akakigusa kioo kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Chake kibaki. Na wangu ubaki. Tusifute hata kimoja."

Siku ya kumaliza msiba ilifika mnyama bado hajaingia ndani. Ilibaki kama kiganja kimoja kati yake na mlango. Tulidhani tutawahi asubuhi, lakini ndugu nao walidhani watawahi, na saa mbili shemeji yangu alikuwa ameshaegesha lori lake mbele ya nyumba. Wazee wakajaa sebuleni, ulanzi ukaletwa, vitu vikapangwa kwenye mkeka. Mzee wa ukoo akauliza, "Simu iko wapi?"

Simu ilikuwa kwenye jiliwa. Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya wazee. Nikasema, "Baba, simu ni ya shemeji, sina neno. Naomba tu imalize kazi iliyopo."

"Kazi gani?"

"Kuna mnyama hajafika nyumbani."

Wazee wakatazamana. Nikajua wanafikiri alivyofikiri wifi siku ile. Wifi akasimama kando yangu. "Ni kweli. Nilimpika mwenyewe." Hiyo haikusaidia.

Ikabidi nieleze. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikionyesha kwa kidole, na shemeji ndiye aliyeinuka kuja kutazama. Aliinama mbele ya meza na mikono yake yenye rangi ya majani ya chai.

"Ndiyo wale wa kibanda?" akauliza. "Wa umeme mdogo?"

"Ndiyo wale."

"Kaka alinipiga konzi nikiwa mdogo nikisema umeme mdogo." Akachuchumaa. "Unasogeza hivi?"

"Kidogo! Kidogo sana! Mkono!"

Tii.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kukaa. Wazee waliisogelea meza na vikombe vyao. Kila mmoja alitaka kusogeza mguu mmoja. "Kushoto, kushoto! Ana miguu ya kushoto miwili mfululizo, ataanguka!" "Mzee, toa ndevu zako kwenye picha!" "Mkono!" "Si mkono, ni kikombe!" "Kikombe basi!" Mzee wa ukoo alimsogeza kwa uangalifu mkubwa, akiwa ameshika pumzi, na alipotoa mkono wote walishangilia kama mpira umeingia golini. Mnyama alipofika mlangoni ikaonekana kichwa chake hakipiti. Mume wangu alipima mlango kwa yule wa kwanza.

"Kata shingo," mtu akasema.

"Hakatwi mtu hapa!" Nilipaza sauti mimi, na nilijishangaa.

Mama mkwe, ambaye alikuwa kimya kwenye kiti chake tangu asubuhi, akaomba apishwe. Alikitazama kile kinyumba alichochonga mwanawe, akapitisha kidole kwenye bawaba. Akamgeuza mnyama, akamwingiza kinyumenyume, mkia kwanza, kidogo kidogo, na mimi nikisema "Mkono, mama," na yeye anautoa. Mwisho kikabaki kichwa tu kinatazama nje mlangoni, macho ya maharage, meno ya mchele.

"Muacheni hivyo," akasema. "Anaangalia nani anapita."

Nikabonyeza. Simu ikafikiri sana, ikawa filamu. Wifi alitumiwa kwenye simu yake kwanza, nikahakikisha imefika. Halafu tukaiangalia wote, vichwa vimegongana. Ni fupi kuliko wimbo wa kanisani. Mnyama anatoka kwenye mashine yangu akiwa mtoto, anaota pembe, anazeeka, kidole gumba kinapita kama radi, hakuna aliyekiona isipokuwa sisi wawili na, nafikiri, mama. Birika linakuja kumpokea. Anatoka upande wa pili kijana mbichi.

"Amekunywa nini huko nyuma?" shemeji akapiga kelele.

"Ulanzi!" wakajibu wote.

Walitaka kuiona tena, na tena, mpaka chaji ikaisha. Kisha mzee wa ukoo akasema maneno yanayotakiwa kusemwa, akamkabidhi shemeji simu kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili. Msiba ukawa umekwisha. Watu walipoondoka nilifuta meza.

Wiki iliyofuata shemeji alipiga kwa wifi, akaomba kuongea na mimi. Nyuma yake nilisikia watu wanapakia majani.

"Shemeji, nisamehe, picha zile za vipande nimefuta. Simu ilijaa."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimekaa, na nilifurahi kwamba nimekaa.

"Filamu ipo. Hiyo sijaigusa. Nimewaonyesha hapa kituoni, wamekataa kupakia mpaka warudie." Akakohoa. "Ila nauliza kitu. Nimejaribu na jani la chai, hapa juu ya boneti. Nataka litembee likapande lori lenyewe. Nikilisogeza, upepo unalichukua."

"Ulitumia jani bichi?"

"Bichi."

"Jaribu na kitu kizito kidogo," nikamwambia. "Na mtafute mtu wa kusema mkono."

Akaniacha kwenye simu, nikamsikia anauliza huko nani ana kiazi.